Samaki wa Dhahabu Anahema Juu, Anaelea, Ana Madoa: Tatizo Liko Wapi?

Ujumbe ninaoupata mara nyingi huja alfajiri, na swali huwa ni lile lile: "Kaka, samaki wangu wote wako juu wanafungua midomo tu, niwawekee dawa gani?" Sijawahi kujibu kwa kutaja jina la dawa. Huwa nauliza kwanza: umepima maji? Umeme ulikatika usiku? Filta uliisafisha lini, na kwa maji gani?

Nafuga oranda na ryukin, aina mbili za samaki wa dhahabu, hapa Dar es Salaam, ambako maji ya tangi yakiachwa yenyewe hufika nyuzi 30 kuanzia Desemba hadi Machi. Samaki hawa wanapenda nyuzi 18 mpaka 23. Wachina walianza kuwafuga zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na wao, kisha Wajapani pia, wakawa wanachagua kizazi baada ya kizazi mpaka wakapata hawa wenye umbo la yai: oranda mwenye kilemba cha nyama kichwani, ryukin mwenye nundu, ranchu asiye na pezi la mgongoni, na yule mweusi mwenye macho ya kutokeza. Ni wazuri kupindukia, lakini kwetu pwani wanaishi ukingoni. Kosa ambalo mwenzako wa Arusha au Limuru atalifanya samaki wake wakasalimika, hapa litaua usiku mmoja. Kwa hiyo mgonjwa wa kwanza kumchunguza ni maji, halafu ndiyo samaki.

Nunua kipimo cha vitone, yaani matone yanayobadilisha rangi ya maji unayoyapima, kabla hujanunua chupa yoyote ya dawa. Amonia inayotoka kwenye taka za samaki iwe sifuri, nitriti inayozaliwa nayo iwe sifuri, nitreti inayofuata isizidi miligramu 40 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, iwe kati ya 7 na 8.4. Weka na kipimajoto. Majibu haya manne na joto lake ndiyo nitakayokuwa nayarejea huku chini, kwa sababu bila hayo tunapiga ramli.

Wanahema juu ya maji

Angalia ni wangapi na ni saa ngapi. Wakiwa wote, alfajiri, na maji ni ya moto, hiyo ni hewa. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na ya nyuzi 30 hubeba kama 7.5 tu. Wakati huo huo mwili wa samaki kwenye joto unadai oksijeni zaidi. Ongeza mimea na mwani ambao usiku nao huvuta oksijeni badala ya kuitoa, na utaelewa kwa nini saa kumi na moja alfajiri ndiyo saa mbaya. Umeme ukikatika usiku huo, hesabu inakuwa imekamilika.

Cha kufanya papo hapo: chota maji ya tangi kwa jagi na uyamwage kutoka juu, rudia kwa dakika kumi au zaidi. Wasipewe chakula siku hiyo. Kisha tafuta pampu ndogo ya hewa inayotumia waya wa chaja ya simu, uichomeke kwenye pawabenki. Ni kifaa cha bei ndogo na kwangu kimeokoa samaki wengi kuliko dawa zote nilizowahi kununua. Kwa joto lenyewe, fungua mfuniko na uelekeze feni juu ya maji. Mvuke unapotoka hubeba joto, na unaweza kushusha nyuzi 2 au 3. Maji yatapungua haraka, basi ongeza kila siku. Chupa za barafu zinasaidia kwa dharura, ila weka moja moja, kwani joto likishuka kwa ghafla nalo linaumiza.

Jambo moja ambalo watu hawaliambiwi: filta ya mtungi uliofungwa ikikaa bila umeme kwa saa nyingi, bakteria wanaosafisha maji waliomo ndani hukosa hewa na kufa, na maji yaliyomo huoza. Umeme ukirudi usiiwashe tu. Ifungue, mwaga maji yaliyomo, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

Kama wanahema saa chache baada ya wewe kubadilisha maji, mshuku klorini. Maji ya bomba hutiwa klorini ili yasitudhuru sisi, na klorini hiyo hiyo huunguza mashavu ya samaki. Utaona wanakimbia huku na huko, ute unawatoka, mapezi yana wekundu. Tia dawa ya kuondoa klorini mara moja, kwa kipimo cha tangi zima. Dawa nyingi za aina hii msingi wake ni sodiamu thayosalfeti. Kwa siku za kawaida, unaweza kuyaacha maji kwenye ndoo wazi kwa saa 24 hadi 48 ukiwa umeweka jiwe la hewa, klorini itatoka yenyewe. Njia hiyo haifanyi kazi pale ambapo maji yametiwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kwa sababu yenyewe haitoki kirahisi. Huko dawa ni lazima.

Maji ya kisima hayana klorini, lakini visima vingi vya Dar vilivyo karibu na pwani vina chumvi. Yaonje. Hili litakuwa na maana tutakapofika kwenye tiba ya chumvi.

Tangi likiwa ni jipya, la wiki mbili tatu, usihangaike na sababu nyingine: ni amonia au nitriti. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake na kwenye kinyesi. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, jingine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo unaiondoa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huhitaji takriban wiki nne hadi sita kujijenga kwenye sponji ya filta. Muuzaji atakuambia tangi likae siku moja halafu utie samaki. Siku moja haitoshi kitu.

Joto na pH ndivyo vinavyoifanya amonia iwe kali. Kwa pH ile ile ya 8, sehemu ya amonia iliyo sumu kwenye maji ya nyuzi 30 ni karibu mara mbili ya ile ya nyuzi 20. Na pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sumu hiyo huongezeka karibu mara kumi. Ndiyo maana mtu anasoma kwenye ukurasa wa Uingereza kwamba kiasi fulani "kinavumilika", anakifuata, anapoteza samaki.

Badilisha nusu ya maji leo, nusu kesho, mpaka kipimo kishuke. Punguza chakula kiwe kidogo sana, mara moja kwa siku au siku moja ndiyo moja hapana. Kama mwenzako ana tangi lenye afya, muombe kipande cha sponji chafu cha filta yake. Uchafu ule wa kahawia ni mali. Kwa nitriti kuna msaada wa ziada: nitriti huingia kwenye damu na kuifanya iwe ya kahawia, ishindwe kubeba oksijeni, na mashavu ya samaki huonekana ya kahawia pia. Gramu 1 ya chumvi kwa kila lita huzuia nitriti isiingie. Chumvi ya kawaida ya jikoni inafaa.

Nina kidonda changu hapa. Mwaka wa kwanza niliitoa sponji ya filta nikaisuuza kwenye bomba hadi ikawa nyeupe kama mpya, nikajiona nimefanya usafi. Siku ya tatu oranda wangu mwekundu na mweupe alikuwa amekaa pembeni, mapezi yamekunjwa, mashavu mekundu. Siku ya tano akafa. Nilikuwa nimewaua bakteria wote kwa klorini na kulirudisha tangi la miezi minane kwenye siku yake ya kwanza. Sponji husuuzwa kwenye ndoo ya maji yaliyotolewa kwenye tangi, tena kwa kuikamua mara mbili tatu tu.

Tahadhari kwa tangi lililotelekezwa miezi mingi: usibadilishe nusu kwa mkupuo. Maji ya zamani huwa pH yake imeshuka, na amonia iliyojaa humo imelala katika hali isiyo kali. Ukimwaga maji mapya yenye pH ya juu, unaiamsha. Badilisha asilimia 10 hadi 15 kila siku kwa wiki nzima.

Na kama anayehema ni mmoja tu, shavu moja limefungwa na jingine linapiga haraka, au anajikuna kwenye mawe kama mtu mwenye upele, hao huenda ni minyoo ya mashavu. Hawaonekani kwa macho. Dawa yake ni prazikwanteli, ile ile inayotibu kichocho kwa binadamu. Nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya samaki, ufuate kipimo chake, na urudie kama lebo inavyosema, kwa sababu mayai ya minyoo hawa hayafi kwa mkupuo wa kwanza.

Anaelea, anapinduka, au amezama hawezi kupanda

Mama mmoja jirani alinijia jioni na samaki ndani ya ndoo, tumbo juu. "Mwanangu, huyu amekufa au bado?" Hakuwa amekufa. Macho yalikuwa yanazunguka na mashavu yanapiga vizuri. Nikamuuliza anampa nini. Mkate, asubuhi na jioni, watoto wanafurahia kumwona anavyodaka juu ya maji.

Samaki wa dhahabu ana kifuko cha hewa chenye vyumba viwili, ndicho kinachomweka sawa majini. Kifuko hicho kimeunganishwa na njia ya chakula kwa mrija mwembamba. Na hana tumbo la kuhifadhia chakula kama letu: kinachoingia mdomoni kinakwenda moja kwa moja kwenye utumbo. Sasa chukua mpangilio huo, uubane ndani ya mwili mfupi wa duara ambao mwanadamu ameutengeneza kwa kuchagua, halafu mpe mkate unaovimba au punje kavu zinazoelea ambazo anazidaka pamoja na hewa. Utumbo ukijaa, unakisukuma kifuko. Samaki anaenda upande.

Swali la kuamua ni hili: anaelea lini? Anayeelea saa moja au mbili baada ya kula kisha akarudi sawa, tatizo lake ni chakula. Mfungishe siku mbili. Siku ya tatu mpe njegere iliyochemshwa ikalainika, umeivua ganda, ukaisaga kwa kidole. Nusu ya njegere kwa samaki mwenye urefu wa kidole inatosha. Kuanzia hapo, punje ziwe za kuzama, na hata hizo uziloweke dakika tano kabla ya kumpa. Mkate, ugali, wali na biskuti viondoke kabisa. Samaki wa mama yule alirudi wima siku ya nne, na watoto sasa wanamlisha njegere kila Jumamosi.

Anayeelea muda wote, ale asile, mpimie maji. Nitreti iliyopanda sana na amonia ndogo ya kila siku humdhoofisha, na mara nyingi wiki mbili za kubadilisha maji kwa bidii humrudisha. Anayezama chini, anajikokota kwa tumbo na kupanda kwa shida, huyo ninamhofia zaidi, kwani huenda kifuko kimeingiwa na maambukizi au kimeharibika. Hapo njegere haisaidii.

Wapo pia waliozaliwa hivyo, au ambao umbo limewazidi. Hawaponi, lakini wanaishi. Punguza kina cha maji kiwe mara mbili ya urefu wake, ondoa mawe yenye ncha, mlishe kwa mkono karibu na mdomo. Anayeelea mgongo nje ya maji ngozi yake hukauka na kupata kidonda, basi weka majani mapana yanayoelea ili ajifiche chini yake. Nina ryukin mmoja wa namna hii, mwaka wa tatu sasa, na akisikia hatua zangu anakuja kifudifudi.

Madoa meupe

Kabla ya chumvi, tazama madoa yako wapi. Yakiwa kwenye mifuniko ya mashavu na kwenye ukingo wa mbele wa mapezi ya kifuani tu, yamejipanga vizuri, hongera: una dume, na amekomaa. Hizo ni chunusi za msimu wa kuzaana. Nimeona watu wakitia dawa wiki tatu kwa samaki mwenye afya kamili.

Madoa kama chembe za chumvi yaliyotawanyika mwili mzima, hata mkiani, na samaki anajikuna, huo ndio ugonjwa wa madoa meupe. Kimelea hukaa chini ya ngozi ambako dawa haimfikii. Kisha anadondoka, anajigawa sakafuni kuwa mamia ya watoto, na hao wanapoogelea kutafuta samaki ndipo wanapouawa. Ndiyo maana madoa yakipotea usiache tiba. Joto letu hapa linasaidia, kwani mzunguko wote humalizika kwa chini ya wiki moja, wakati kwenye maji baridi unaweza kuchukua wiki kadhaa.

Tia chumvi gramu 3 kwa lita, yaani gramu 300 kwa tangi la lita 100, lakini kwa awamu tatu ndani ya siku moja na nusu, kila awamu umeiyeyusha kwanza kwenye jagi. Endelea siku 10 hadi 14. Ukibadilisha maji, rudisha chumvi ya kiasi ulichotoa tu. Kama unatumia kisima chenye chumvi, tumia maji mengine kwa tiba hii au upime kwanza, usije ukazidisha. Ongeza hewa. Mimea itoe, haitavumilia.

Uzi mweupe au wa kijani unaoning'inia mwilini, na pale ulipoingilia pana wekundu, ni minyoo nanga. Mshike samaki kwa kitambaa kilicholowa, mvute mdudu kwa kibanio kuanzia shinani, taratibu, ili atoke mzima pamoja na kichwa chake. Paka povidoni ayodini, dawa ya kuua vijidudu vya kidonda, kidogo kwenye kidonda, epuka mashavu. Watoto wake wamebaki majini, kwa hiyo tangi nalo litahitaji dawa ya vimelea. Huyu mara nyingi huletwa na samaki mpya aliyetoka kwenye bwawa la nje. Karantini ya wiki nne kwenye beseni la peke yake ndiyo inayomzuia mlangoni.

Mapezi na rangi

Mapezi yaliyochakaa kingo na kuwa na weupe, au yenye mishipa myekundu, kwa sehemu kubwa ni maji machafu, na bakteria wamefuata baadaye. Maji safi kwa wiki mbili na chumvi gramu 1 kwa lita, mengi hukua tena. Mabaka meusi yanayotokea ghafla kwa samaki wa rangi ya machungwa mara nyingi ni ngozi inayopona baada ya kuunguzwa na amonia. Hayahitaji dawa, yanahitaji upime maji. Samaki mweusi kugeuka rangi ya shaba au machungwa ni kawaida yake, hasa kwenye maji ya joto. Kilemba cha oranda kikifunika macho, mlishe mahali pale pale kila siku. Usikikate nyumbani.

Maji yenyewe

Ukungu mweupe kama maji ya wali kwenye tangi jipya ni bakteria wanaojigawa, utaondoka wenyewe. Kijani ni mwani, unatokana na jua la dirishani na chakula kingi, na haumdhuru samaki mchana, ila usiku unamwibia hewa. Povu lisilopasuka na harufu ya kuoza: kuna chakula au samaki aliyekufa nyuma ya mapambo. Mtafute.

Na kama matatizo haya yote yanakurudia kwa zamu, hesabu lita zako. Samaki mmoja wa aina hii hufika sentimita 15 hadi 20, na anaweza kuishi miaka 10 na kuzidi. Mimi huanza na lita 75 kwa wa kwanza, na 40 kwa kila anayeongezeka. Oranda wawili kwenye tangi la lita 40 hapa Dar hakuna filta itakayowatosha, na bakuli la mezani halifai hata kwa mmoja. Ukishindwa, mpe mtu mwenye tangi kubwa. Usimwachilie mtoni wala bwawani, ambako atachimbua matope na kula mayai ya samaki wa wenyeji.

Magamba yamesimama

Huyu ndiye mgonjwa ninayemwogopa. Mtazame kutoka juu: mwili umevimba, magamba yamesimama kama ya kakakuona, macho pengine yametoka. Maji yanajaa ndani ya mwili kwa sababu figo zimeshindwa, mara nyingi kutokana na maambukizi yaliyokwisha kuenea. Mtenge, mpe maji safi yenye chumvi gramu 1 hadi 2 kwa lita, na umwone daktari wa mifugo anayekubali kutazama samaki, kwani antibayotiki ya kubahatisha inaweza kuua bakteria wa filta na kumwacha huyu palepale. Ukiwahi, magamba yakiwa ndiyo kwanza yameanza kuinuka, wachache hupona. Wengi hawaponi.

Asipokula tena, akawa amelala ubavu, usimwache ateseke siku nne, na usimtupe chooni akiwa hai. Tumia mafuta ya karafuu, yale yanayotoka Pemba na kuuzwa kwa ajili ya meno. Weka samaki kwenye chombo chenye lita moja au mbili za maji ya tangi lake. Tia matone machache ya mafuta kwenye chupa ndogo ya maji ya uvuguvugu, itikise hadi yawe meupe kama maziwa, umimine kidogo kidogo. Atalala. Akishalala hasikii tena mguso, ongeza mpaka jumla iwe kama mililita 0.4 kwa kila lita, na umwache humo nusu saa nzima baada ya mashavu kuacha kupiga.